Nilisaini Kigoma, kisha jina likatoka Ajira

Nilikuwa nimeshasaini. Nikisimulia habari hii watu hulirukia jambo hilo, kwa hiyo naliweka mbele kabisa. Barua ya ajira ya kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Kigoma niliisoma, nikaisaini kila ukurasa, nakala moja nikabaki nayo kwenye bahasha ya kaki, nyingine ikarudi kwa meneja. Nauli ya treni kutoka Tabora walinitumia wao. Buti za kazi walishanipimia. Nilikuwa nasubiri tarehe moja ya mwezi nianze kutunza ghala lao karibu na bandari, kule ambako saruji, nondo, unga na mafuta ya kula hushushwa kutoka kwenye mabehewa na malori, vikahesabiwa, halafu vikapakiwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura.

Kisha jina likatoka.

Muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimefanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nafasi za ununuzi na ugavi. Mtihani wa kuandika nikapita, mahojiano nikapita, lakini majina ya walioitwa kazini yalipotolewa langu halikuwemo. Waliofaulu wakizidi nafasi zilizopo, wanaobaki huwekwa kwenye kanzidata, wakisubiri mwajiri wa umma ahitaji mtu wa kada yao. Tarehe ya kuitwa huambiwi. Unaweza kuitwa, unaweza usiitwe, na wengi wetu tunafika mahali tunaacha hata kufungua ile tovuti. Mimi niliacha. Nikatafuta kazi kama watu wanavyotafuta, nikaipata Kigoma, nikaikubali kwa moyo mweupe. Wakati nasaini sikuwa namficha mtu kitu chochote.

Tangazo alinitumia mtu niliyesoma naye chuo. Faili lenyewe refu, majina kwa mamia, na yeye hakuandika neno zaidi ya namba ya ukurasa. Nilikuwa soko la Mwanga, hapohapo Kigoma, nanunua migebuka ya nyumbani kwa mjomba. Nikafungua, nikaona majina yangu yote matatu, na pembeni yake jina la halmashauri moja ya wilaya mkoani Tabora. Mama muuza samaki akaniuliza, "Dada, unachukua au huchukui?" Nikachukua.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu tayari. Mama yangu, aliyeko Tabora, hakuona hata kama kuna swali. "Mwanangu, serikali haifi," alisema. "Kampuni ya mtu inakufa na mwenyewe." Dada yangu aliuliza mshahara wa kila upande, akatoa mmoja kwenye mwingine, akaniambia nibaki Kigoma. Yule niliyesoma naye alikuwa na ushauri mfupi kuliko wote: nisiwaambie chochote. Nipande basi nirudi Tabora, tarehe moja nizime simu, wataelewa wenyewe. Na kama nikibanwa niseme mama anaumwa.

Ushauri wa kuzima simu usiucheke haraka, una mantiki yake. Kijana anayeutoa amewahi kufanyiwa vivyo hivyo. Ameitwa kwenye usaili, ametumia nauli yake, ameambiwa "tutakupigia," na mpaka leo hajapigiwa. Yuko mwingine ninayemjua aliyepewa barua, akaaga alikokuwa, na siku moja kabla ya kuripoti akaambiwa kwa simu kwamba mambo yamebadilika. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba kujitoa bila kusema ni utovu wa adabu, anauliza adabu hiyo ilikuwa wapi zamu ya waajiri ilipofika. Sina jibu la kumshinda. Ninachojua ni kwamba katika habari yangu kulikuwa na mtu wa tatu, na huyo nisingeweza kumzimia simu, kwa sababu nilikuwa nalala nyumbani kwake.

Mjomba wangu amefanya kazi bandarini Kigoma kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo amekuwa msimamizi wa makuli. Nafasi ile ya ghala haikutangazwa popote. Mtunza stoo aliyekuwepo alisema anaondoka, mjomba akasikia, akaenda kwa meneja akasema anaye mpwa wake mwenye diploma ya ununuzi na ugavi, asiyekunywa, asiye na tamaa. Basi. Vyeti vyangu viliangaliwa, maswali nikaulizwa, lakini mlango ulifunguliwa kwa mdomo wa mjomba. Kampuni ile ingesahau jina langu kabla ya mwezi kuisha. Yeye angekutana na meneja getini kila asubuhi, mpaka atakapostaafu.

Nilipolitambua hilo, swali lilibadilika. Siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa najiuliza kama nimefungwa na ile barua. Kumbe barua ilikuwa sehemu ndogo. Aliyenifunga ni mtu aliyetoa neno lake kwa ajili yangu, na huyo ndiye aliyestahili kusikia wa kwanza, kabla ya meneja, na kabla sijaamua lolote ambalo haligeuki.

Ila sikumwendea mikono mitupu. Kwanza nilitaka kujua ninachokizungumza kipo kweli.

Jina kwenye orodha bado si kazi. Tangazo lenyewe linasema uripoti ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yako ya kupangiwa kituo, uende na vyeti halisi, na vyeti vitahakikiwa. Hapo ndipo wengine hukwama. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, kitambulisho cha taifa kina herufi moja iliyopotea, na mtu anaanza kuhangaika na viapo wakati siku zinakwisha. Mimi kiapo cha majina nilishakila zamani, wakati wa kuomba. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikaipakua barua, nikaichapisha kwenye steshenari moja karibu na stesheni ya reli, nikaisoma nikiwa nimesimama palepale. Jina sawa, kada sawa, kituo sawa. Kama barua isingekuwepo ningenyamaza, ningeanza kazi ya ghala tarehe moja kama nilivyoahidi, na hadithi hii isingekuwepo. Nimeshuhudia mtu akiaga kazi kwa sababu ya tetesi kwamba majina ya kanzidata "yanatoka wiki hii."

Halafu nikarudi kwenye barua ya Kigoma. Nilishaisoma, ndiyo, lakini mtu anayefurahi husoma mshahara na tarehe ya kuanza. Safari hii nilisoma kama mtu anayetafuta mlango. Ilikuwa na muda wa majaribio, saa za kazi, makato ya pensheni ya NSSF, na kipengele cha notisi kilichofuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinataka notisi ya kuvunja mkataba isipungue siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na baada ya hapo isipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iwe kwa maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa. Kuhusu mtu anayejitoa kabla hata hajaingia kazini barua haikusema kitu. Ningeweza kulitumia pengo hilo. Nikaona hivi: kama aliyekwisha anza kazi anadaiwa siku 7, mimi ambaye nimewakalisha wakinisubiri nisiwape chini ya hizo.

Lakini tarehe iliyonibana kweli haikuwa kwenye barua. Ilikuwa kwenye kazi yenyewe.

Aliyewahi kushika stoo anajua kwamba kazi ile haianzi siku ya kuripoti. Inaanza siku ya makabidhiano. Anayeondoka na anayeingia wanazunguka ghala pamoja, wanahesabu fungu kwa fungu, wanalinganisha na leja na kadi zilizoning'inizwa kwenye kila fungu, mtu wa tatu akisimama kwa niaba ya mwenye mali. Mifuko ya saruji iliyopasuka inaandikwa. Iliyoganda kwa unyevu inaandikwa. Madumu ya mafuta yanayovuja yanatengwa. Mwisho wote wanasaini, na kuanzia sahihi hiyo kinachopungua ni chako. Anayeondoka anakwenda zake akiwa huru. Sasa fikiria nikasaini makabidhiano Jumamosi, na Jumatatu nikasema naenda serikalini. Yule wa zamani ameshaondoka, ghala lina mzigo wa watu wa nchi tatu, na sahihi iliyo kwenye karatasi ni ya mtu asiyekuwepo. Ingebidi wahesabu upya bila mhusika hata mmoja. Hasara ya namna hiyo hailipiki kwa kuomba radhi, na mimi mwenyewe ningebaki na jina langu kwenye leja ya mali nisiyoilinda.

Makabidhiano yalipangwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tarehe moja haikuwa na maana tena. Nilitakiwa niwe nimesema kabla ya kuhesabu, na mapema kiasi kwamba yule anayeondoka angeweza kuombwa abaki kidogo wakati wanatafuta mtu. Sijui kazi ya msomaji ni ipi, lakini nadhani kila kazi ina siku yake ya namna hii: siku ambayo wenzako wakishaivuka wakikutegemea, hawawezi tena kurudi nyuma bila kuumia. Kwa mwalimu ni ratiba ya vipindi kubandikwa. Kwa dereva wa masafa ni gari kupakiwa.

Nikapiga hesabu ya upande wangu. Mshahara wa kampuni ulikuwa juu kidogo, na uhakika wake ni mwisho wa mwezi uleule. Upande wa halmashauri nilimpigia mtu aliyeajiriwa kabla yangu, nikamwuliza swali moja tu: mshahara wa kwanza ulikuja lini? Akacheka. Akaniambia mpaka taarifa zako ziingizwe kwenye mfumo na upate cheki namba, yaani namba yako ya kulipiwa mshahara, ujipange kuishi kwa akiba au kwa watu. Hilo halipo kwenye tangazo la kuitwa kazini, na ni heri ulijue kabla hujaiacha kazi inayolipa. Kwa upande mwingine kulikuwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kuthibitishwa kazini baada ya majaribio, na kazi yenyewe: manunuzi ya umma, zabuni, na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni ulioanza mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS, ule tuliofundishwa chuoni. Nilisomea ununuzi na ugavi, na nilijua kwamba nikishika ghala miaka mitano nitakuwa mtu wa ugavi tu.

Hizo ndizo sababu nilizowaambia watu. Sababu iliyokuwa chini ya zote ni mtoto. Nina mtoto mdogo, wakati ule alikuwa kwa bibi yake, mtaa wa Isevya pale Tabora, na kati ya Tabora na Kigoma kuna zaidi ya kilomita 400 za reli: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, usiku mzima na zaidi. Kituo nilichopangiwa, basi la asubuhi linakufikisha Tabora mjini mchana.

Hapa nilijisumbua sana, na bado naona nilikuwa na haki ya kujisumbua. Mtoto alikuwepo siku ninayosaini. Kilomita zilikuwepo. Kwa hiyo nisingeweza kwenda kwa meneja na kusema "nina mtoto Tabora" kana kwamba amezaliwa jana. Nilipokubali Kigoma nilikuwa nachagua kati ya Kigoma na kukaa bila kazi, na nilichagua sawasawa. Kilichobadilika ni kimoja tu, kwamba sasa kulikuwa na Tabora. Kampuni haikunikosea, mshahara haukupungua, masharti hayakugeuka. Nikajiambia kwamba nikijitoa, nijitoe kwa sababu hiyo na niitaje hivyohivyo. Watu wanapotaka kutoka kwenye neno lao huanza kuwatafutia makosa wale waliowapa neno. Ghafla ofisi ina joto, meneja ana dharau, bandari ina vumbi. Hata mimi nilijikuta nimeanza kukumbuka kwamba meneja hakunikaribisha kiti siku ya kwanza. Alinikaribisha. Ni mimi niliyebaki nimesimama.

Mjomba nilimweleza usiku, baada ya ugali wa muhogo na migebuka, watoto wameshaingia ndani. Yeye huniita mama, kwa sababu jina langu ni la mama yake mzazi.

"Mjomba, jina langu limetoka Ajira. Halmashauri, kwetu Tabora."

"Hongera, mama." Akakaa kimya. "Na kule ulisaini."

"Nilisaini."

"Meneja anajua?"

"Hajui. Nimeanza na wewe."

Akachukua muda. Nikamwonyesha barua zote mbili, akazisoma kwa tochi ya simu, polepole, ile ya serikali mara mbili. Hakuniuliza nataka ipi. Nadhani aliliona.

"Umefanya vizuri kuanza hapa," alisema mwishowe. "Ningelisikia getini ningekosa pa kuuweka uso wangu."

Nikamwomba twende wote kwa meneja. Nilidhani hiyo ndiyo heshima, mtu mzima anasimama mbele, mimi nyuma yake. Akakataa.

"Mimi nilikusemea, mama, sikukusainia. Nikienda mimi ataongea na mimi, maana mimi ndiye anayenijua. Tutabaki wanaume wawili tunapanga wewe ukafanye kazi wapi. Nenda mwenyewe. Mimi nitampigia usiku huu nimwambie tu mpwa wangu atakuja asubuhi, amsikilize." Alipoinuka kwenda kulala akageuka. "Na nauli yao uirudishe kabla hawajaiulizia."

Sikulala vizuri, lakini hilo halina cha kumsaidia mtu. Nililofanya ni kuandika barua ya kujitoa kabla sijaenda, kwa sababu nilijijua kwamba mbele ya meza nitazunguka. Ilikuwa fupi. Kwamba nilikubali nafasi kwa barua ya tarehe fulani. Kwamba nimepangiwa kituo katika utumishi wa umma kutokana na usaili nilioufanya kabla ya kukubali nafasi hii. Kwamba kwa sababu hiyo sitaweza kuanza. Kwamba natoa taarifa sasa ili makabidhiano ya ghala yasifanyike kwa jina langu. Kwamba narudisha nauli. Shukrani sentensi moja. Nilifuta aya nzima ya kuelezea jinsi nilivyoumia, maana haikumhusu.

Meneja alikuwa anasaini hati za mzigo nilipoingia, akaendelea kusaini nikiwa naongea. Nilipomaliza akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo sisi hapa ni stendi?" aliniuliza. "Mnashuka, mnapumzika, basi la serikali likifika mnapanda?"

Sikujibu. Alikuwa na haki ya hasira hiyo, na kuna wakati maelezo ni kumnyang'anya mtu hasira yake. Akaisoma barua. Alipofika kwenye neno la makabidhiano akarudi juu akasoma tena. Sauti ikashuka kidogo.

"Nikikuongeza laki moja kwa mwezi?"

Laki moja ilikuwa pesa, sitasema haikuwa. Kwa namna fulani hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko ile hasira. Lakini nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba tatizo si mshahara. Nikipokea laki, basi nilikuwa nimekuja kuuza. Na kila mwezi angeikumbuka, na mjomba angeonekana aliyepeleka mpwa akapandishe dau. Tena kituo cha serikali hakiwekwi akiba. Usiporipoti ndani ya muda wake, umekipoteza. Nikamshukuru, nikasema hapana.

Niliweka bahasha ya nauli mezani. Akazihesabu noti mbele yangu, akamwita karani aniandikie stakabadhi. Stakabadhi ile ninayo mpaka leo. Watu niliowaonyesha huichekea, mimi naona ndivyo inavyotakiwa: kilichotoka kwa maandishi kirudi kwa maandishi, asije mtu kesho akasema msichana wa Tabora alikula nauli.

Nikamwambia kama hatajali, yupo mwenzangu wa chuo, hana kazi, anaweza kuja mara moja. "Mwingine wa kwenu?" akasema. "Hapana. Asante." Nikajitolea kumsaidia anayeondoka kupanga kadi za stoo mpaka watakapopata mtu. Akakataa pia, na hapo alikuwa sahihi kabisa kitaalamu: mtu asiyekaa hagusi leja. Nikaaga. Mlangoni akaniuliza hiyo halmashauri iko upande gani wa Tabora, nikamweleza, akasema aliwahi kupita huko kununua asali. Yakaishia hapo.

Yule wa zamani alikubali kukaa wiki kadhaa zaidi, wakapata mtu. Sijui ni nani. Nilifurahi kusikia tu kwamba makabidhiano yalifanyika mara moja.

Gharama ilikuja baadaye, na haikumfikia niliyekuwa namhofia. Mjomba hakusema neno lolote baya kwangu, na kwa meneja waliendelea kusalimiana. Lakini mwaka uliofuata alimsemea kijana wa jirani yake, kijana wa Gungu aliyemaliza kidato cha nne, apewe ukarani wa kuhesabu mizigo. Meneja akamjibu kwa adabu kwamba siku hizi nafasi wanazitangaza. Zilitangazwa kweli, na kijana yule hakupata. Habari hii nilipewa na mke wa mjomba tukiwa tunachambua dagaa, akaisema kama mtu anayesema bei ya mawese imepanda, kisha akahamia habari nyingine. Katika hesabu zote nilizopiga, kijana huyo hakuwemo. Nisingeweza kumweka, sikumjua. Lakini yumo. Kila ninaposikia mtu akisema kujitoa mapema na kwa adabu hakuumizi mtu yeyote, namkumbuka. Kunapunguza. Hakufuti.

Kwa upande wangu mambo yalikwenda kama nilivyoambiwa. Vyeti vikahakikiwa, nikapewa meza, mshahara wa kwanza ukachelewa mpaka dada yangu, yuleyule aliyeniambia nibaki Kigoma, akawa ananitumia vocha na unga. Hakuacha kunikumbusha kila alipotuma. Mtoto nilimchukua nilipopata nyumba. Kazi ina siku zake nzuri na siku ambazo mfumo unakataa kufunguka kuanzia asubuhi na wazabuni wanapiga simu kana kwamba mimi ndiye mfumo. Ningerudia uamuzi ule? Ndiyo. Ila sisemi hivyo kwa sababu serikali haifi. Kampuni ile ipo, inaendelea vizuri, na nikipita Kigoma naona malori yake.

Sasa nimekuwa mtu wa kupigiwa simu. Kila majina ya kanzidata yakitoka, huko Tabora na Kigoma lazima kuna mtu aliyekwisha anza au kusaini mahali, na mama yake anamjua mama yangu. Huwa siwaambii wafanye nini. Nauliza barua ya pili iko mkononi au iko kwenye tetesi. Nauliza nani alikusemea, na kama ameshajua. Nauliza kazi unayoiacha ina siku gani ambayo ukishaivuka utawakwamisha, na leo ni kabla au baada ya siku hiyo. Wengine hunijibu vizuri, wengine hukasirika kwa sababu walipiga simu kupata ruhusa.

Mmoja tu ndiye niliyempa ushauri wa moja kwa moja. Kijana wa Urambo, amesaini na wanunuzi wa tumbaku kwa msimu wa masoko, akaitwa na kampuni nyingine binafsi, tofauti ya mshahara ni ndogo, barua ya pili hana, na masoko yanafunguliwa wiki ileile. Nikamwambia kwa herufi kubwa abaki alipo. Hakunisikiliza. Yuko Mpanda sasa, na juzi alinitumia picha ya pikipiki aliyonunua, bila maneno.